Siku Mama Kutu Alipoiamkia Mashine

Shangazi yangu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuinama kwanza. Wasiomjua walidhani ni adabu. Kumbe alikuwa anakagua miguu ya viti.

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja tu, kuozesha vyuma kwa makusudi. Kiwanda kilitengeneza pampu za maji, na hakuna kipande kipya kilichoruhusiwa kwenda kuishi majini kabla hakijapitia kwake, katika chumba kidogo mwisho wa korido, chenye dirisha moja, sinki moja na stuli ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kamba. Katikati ya chumba lilikaa kabati la plastiki lenye urefu wa jeneza la mtu mfupi. Kifuniko chake kiliinuka kama paa la nyumba, ili matone yateremke pembeni yasivitonee vipande vilivyomo. Ndani, ukungu wa maji ya chumvi ulipuliziwa bila kupumzika, joto likiwa lile lile saa zote. Shangazi alipachika vipande vyake humo, akaviinamisha kidogo kama watu wanaoegemea ukuta, akafunga, akasubiri. Kipande dhaifu kilianza kutoa machozi ya kahawia siku ya pili au ya tatu. Kigumu kilimaliza saa mia tano na kutoka kama kilivyoingia.

Kabati hilo wafanyakazi waliliita bafu. Yeye walimwita Mama Kutu, naye akaitika. Alipenda kuwaambia wageni kwamba kazi yake haina tofauti na ya mama mkwe: anamtafutia kila anayeingia dosari, na akiikosa, basi, anamwacha akae.

Nyumbani hakuwa na nafuu. Mume wake, fundi saa aliyekuwa mpole mno, alizoea kumkuta amepiga magoti chini ya sinki na tochi mdomoni. Na siku niliyomleta mchumba wangu kumtambulisha, shangazi alimkaribisha vizuri, akamsifia shati, akatoka kidogo nje kana kwamba anaangalia nguo kambani. Aliporudi alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Gari lake limepakwa rangi juu ya kutu, mlango wa kushoto, chini. Muulize huyo bwana nini kingine amekipaka rangi." Sikumuuliza. Miaka minane baadaye nilikuja kujua ningepaswa kuuliza, lakini hayo yamepita.

Mashine ya kuchapa vyuma iliingia kiwandani alipokuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ilikuja na Mhandisi wake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye miwani na koti jeupe ambalo halikupata doa hata moja, jambo lililomtia shangazi wasiwasi tangu siku ya kwanza. Mashine yenyewe ilikuwa kama friji kubwa yenye dirisha. Ndani yake unga wa chuma, laini kama unga wa ngano, ulitandazwa tabaka jembamba, mwale wa leza ukaupitia na kuuyeyusha pale tu palipotakiwa, kisha likatandazwa tabaka jingine juu yake, na jingine, maelfu na maelfu. Baada ya siku moja na nusu ungepukuta unga uliobaki, na chini yake ungekuta kitu kizima ambacho jana hakikuwepo.

Shangazi hakukipenda kitu hicho hata kidogo. Chuma chake yeye kilikuwa kile kinachokatwa kutoka kwenye nondo, kilichoyeyushwa tanuruni, kikagongwa, kikavutwa, kikajua shida. Hiki cha unga alikiita biskuti. Kila alipopita chumba cha uchapaji aligonga kioo na kuuliza kama biskuti zimeiva. Mhandisi alikuwa na heshima. Alisema, "Bado, Mama," kwa sauti ile ile kila siku, na hilo nalo lilimuudhi, kwa sababu kumtania mtu asiyejibu matani ni sawa na kugonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

Alichokuwa anakitafuta Mhandisi ni gurudumu la pampu, lile lenye mapezi linalozunguka ndani na kusukuma maji. Kulitengeneza kwa njia ya zamani kulihitaji vipande saba na mafundi wawili. Mashine ililitoa likiwa zima, la stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu upesi, mapezi yamejikunja ndani kama kiganja kilichofumba kitu. Mashine ilikuwa ya majaribio kutoka kwa muuzaji, na Meneja alikuwa ameweka neno lake wazi mbele ya wote: gurudumu likimaliza saa mia tano bafuni, mashine inanunuliwa. Likishika kutu, mashine inarudi ilikotoka, na Mhandisi anaondoka nayo. Mhandisi alikuwa na mke na mtoto mchanga. Hakusema lolote juu ya hao, lakini picha yao ilikuwa imebandikwa kwenye ubavu wa mashine.

Gurudumu la kwanza lilipokuwa tayari, Mhandisi alilileta chumba cha chai limelala juu ya kitambaa, kama mtu anayetembeza mtoto. Kwa kweli halikuwa zuri. Vitu vinavyochapwa kwa unga hutoka vikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, na ngozi yenye chembechembe. Watu walilizunguka. Shangazi aliligeuza kwa kitambaa chake, akalitazama kwa muda, akatoa hukumu:

"Linafanana na sufuria iliyounguziwa maziwa."

Chumba kizima kikacheka. Dada wa chai, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi aliyekuwa akisuuza vikombe pale pembeni, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimtazama Mhandisi jinsi masikio yake yalivyokuwa mekundu.

Na hapo, kwa mara ya kwanza, Mhandisi akajibu. Alimuuliza shangazi atafanya nini iwapo sufuria hiyo itatoka bafuni salama. Shangazi alikunywa chai yake hadi mwisho kwanza.

"Nitaiamkia mashine yako," alisema. "Mimi, mwenye wajukuu wanne. Nitasimama mbele yake niipe shikamoo, kila asubuhi, mpaka siku nitakayostaafu."

Mashine ilikuwa na umri wa miaka miwili tangu iundwe. Walipiga meza kwa vicheko, na karani wa stoo akaandika ahadi hiyo kwenye ubao wa matangazo, chini ya tangazo la kuzima taa.

Jumatatu iliyofuata shangazi alipokea vipande vitatu kutoka meza ya Mhandisi: gurudumu lenyewe, na vibao viwili bapa vilivyochapwa pamoja nalo siku ile ile, kwa unga ule ule, kwa ajili ya kulinganisha. Vyote vitatu vilikuwa vimeoshwa na kutumbukizwa kwenye tindikali tangu Ijumaa, kama inavyofanywa kwa stenlesi ili ngozi yake ijifunge vizuri. Katika daftari lake aliandika kila alichokiona, kama kawaida yake. Kuhusu gurudumu aliandika: "Linang'aa kwa nje." Alidhani Mhandisi amelipiga msasa kwa mbwembwe. Akalipachika, akafunga.

Alhamisi asubuhi gurudumu lilikuwa limeshika kutu.

Aliniambia baadaye, bila haya yoyote, jinsi alivyofurahi. Alitembea korido nzima akiimba kimoyomoyo. Aliagiza chai yenye sukari mbili. Alimpitia Mhandisi na kumwambia taratibu, karibu kwa upendo, kwamba biskuti imelowa. Mhandisi alikuja, akachungulia kwenye kioo cha bafu, akarudi chumbani kwake. Kabla ya saa nne habari ilikuwa imefika ghorofani, na Meneja akateremka kusema kwamba barua ya kurudisha mashine ataiandika, anachohitaji ni ripoti yenye sahihi ya shangazi kesho mchana.

Basi shangazi akarudi chumbani kwake kuandika. Na kuandika ndiko kulikomharibia siku, kwa sababu ripoti inahitaji kusema kutu iko wapi, na ili useme iko wapi lazima uitazame.

Kwanza, vile vibao bapa viwili vilikuwa safi. Unga ule ule, mashine ile ile, bafu lile lile, na havikuwa na hata doa. Hapo furaha yake ikapata tundu. Kisha akalitoa gurudumu na kulitazama kwa kioo cha kukuzia. Kutu halali, kama alivyopenda kuiita, ina tabia ya mwizi. Huanzia mafichoni, kwenye pembe, kwenye mwanya kati ya pezi na pezi, mahali maji yanapotuama na hewa haifiki. Kutu hii ilikuwa imekaa mahali pa wazi, mbele za watu, na mafichoni haikugusa. Tena ilikuwa imejipanga. Ilizunguka kwa michirizi myembamba, nusu duara juu ya nusu duara, kama mtu aliyepitisha mkono. Aliifuta mahali pamoja padogo kwa tindikali. Ikatoka yote, na chini yake chuma kilikuwa kizima, bila shimo hata la ncha ya sindano.

Alikaa kwenye stuli yake yenye kamba. Angeweza kuacha hapo. Meneja aliuliza swali dogo, na jibu lake lilikuwa la kweli: ndiyo, limeshika kutu. Hakuna mtu mwingine jengo zima ambaye angejua kuisoma michirizi ile. Ubao wa matangazo ungefutwa, naye angestaafu bila kuiamkia friji.

Saa ya chai akaenda kunywa kikombe cha pili, na pale mlangoni akasimama. Dada wa chai alikuwa amekalia ndoo, amepakata sufuria ya maziwa, anaisugua kwa stiliwaya, ule mviringo wa nyuzi laini za chuma. Mkono wake ulizunguka, nusu duara juu ya nusu duara.

Shangazi alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Dada, na gurudumu la Mhandisi ulilizungusha hivyo hivyo?"

Mkono ukasimama.

Dada wa chai hakujua kudanganya, hata kama angetaka. Alisema ilikuwa Jumapili ile aliyokuja kufanya usafi. Alilikuta mezani, juu ya kitambaa chake, limefifia vile vile.

"Wewe ndiye uliyesema linafanana na sufuria iliyounguziwa maziwa," alisema. "Na sufuria kama hiyo mimi naijua dawa yake. Nikaona huyo kijana asije akachekwa tena. Nililisugua nusu saa nzima, dada. Vile vibao vingine nilidhani ni vya kutupa."

Shangazi alitazama stiliwaya ile. Nyuzi zake ni za chuma cha kawaida, kile kinachooza kwa kutazamwa tu. Ukisugulia stenlesi, zinaacha vumbi la chuma lisiloonekana kwa macho, limejipachika kwenye ngozi yake, na vumbi hilo ndilo linalooza. Fundi yeyote wa stenlesi anajua asiguse kazi yake kwa brashi ya chuma cha kawaida. Lakini nani angemwambia mpika chai? Ambaye angepaswa kumwambia alikuwa na shughuli ya kuchekesha watu.

Dada wa chai aliuliza kwa sauti ndogo kama atafukuzwa. Shangazi akamwambia amalizie sufuria yake, na ampe kipande cha stiliwaya hiyo.

Alirudi chumbani akachukua kibao cha chuma chake mwenyewe, kile cha nondo ya stenlesi, kilichokatwa kutoka kwenye chuma ambacho kwa miaka ishirini na sita hakijawahi kumwaibisha. Alikisugua upande mmoja, nusu duara juu ya nusu duara, akakitia bafuni. Aliniambia alikuwa anakiombea kisioze. Alitaka angalau hicho kimtetee. Ijumaa saa tano kilikuwa kimeshika kutu upande uliosuguliwa, michirizi ile ile, na upande wa pili kilikuwa safi kama sahani.

Alivipeleka vyote viwili, gurudumu na kibao, kwa Meneja, juu ya karatasi, pamoja na ripoti. Mhandisi naye alikuwa ameitwa, amesimama karibu na dirisha na koti lake jeupe, tayari kuagwa.

Meneja hakuwa mtu wa maelezo. Alisukuma kalamu mbele ya shangazi.

"Mama, swali langu ni moja. Limeshika kutu au halijashika?"

"Limeshika, lakini kutu si yake."

"Si yake? Ni ya nani, ya jirani?"

"Ni ya stiliwaya ya sufuria za chai," alisema shangazi, na akamwonyesha kibao cha nondo. "Na hii hapa ni kutu hiyo hiyo kwenye chuma ambacho wewe mwenyewe unawauzia watu tangu hujaota mvi. Ukirudisha mashine kwa sababu hii, itabidi urudishe na kiwanda."

Meneja alitazama kibao kile, kisha gurudumu, kisha ripoti. Alisoma mstari mmoja kwa sauti: kwamba kipande kilisuguliwa kwa chuma cha kawaida kabla ya kupimwa, "kutokana na maneno yasiyofaa ya mpimaji." Akauliza mpimaji huyo ni nani.

"Ni mimi."

"Na aliyesugua?"

"Hilo ripoti haikuuliza."

Mwishoni Meneja akarudisha kalamu mfukoni na kusema lichapwe gurudumu jingine. Moja tu. Likioza hilo, hataki kusikia ni kutu ya nani. Mhandisi alipotoka alitaka kumshukuru, lakini shangazi alimwahi kwa kumwambia asimshukuru bado, kwa sababu anategemea lioze.

Gurudumu la pili lilikaa kwenye droo yenye kufuli tangu lilipotoka kwenye tindikali hadi lilipoingia bafuni. Saa mia tano ni karibu wiki tatu. Mhandisi alikuja kuchungulia asubuhi, mchana na jioni, hata akazoea harufu ya chumvi. Dada wa chai alikuwa akipita na toroli yake korido ile mikono imejificha nyuma ya mgongo, akisukuma toroli kwa tumbo.

Siku ya kumi na mbili Mhandisi alichungulia akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga msumari. Katikati ya gurudumu palikuwa na doa la kahawia, duara kamili. Alisimama pale, akavua miwani, akaivaa tena. Doa lilikuwepo. Shangazi aliinuka polepole kutoka kwenye stuli, akasogea, akatazama kwa huzuni kubwa, akalamba kidole gumba na kufuta kioo kwa nje. Lilikuwa tone la chai. Alikuwa amelipaka asubuhi ile, akalipangilia mahali pake kwa kufumba jicho moja.

"Nilikuwa napima kama moyo wako nao unashika kutu," alisema.

Ndipo Mhandisi akacheka. Shangazi alisema ni hapo alipoanza kumwona kuwa ni mtu.

Siku saa mia tano zilipotimia, shangazi alilitoa gurudumu kwa glavu, akalisuuza, akalikausha, akalikagua kwa kioo cha kukuzia pezi kwa pezi, mwanya kwa mwanya, muda mrefu kuliko uliohitajika. Kisha akaandika kwenye daftari neno moja: "Safi." Alilitazama neno hilo kidogo. Nadhani chuma chake cha nondo, pamoja na shida zote kilizozipata, kilizeeka kidogo siku hiyo, na yeye pamoja nacho. Lakini aliposimulia hakusema hivyo. Alisema tu kwamba alimkabidhi Mhandisi karatasi bila kumtazama usoni, akamuuliza mashine yake huamka saa ngapi.

Kesho yake saa mbili kiwanda kizima kilikuwa kimejazana kwenye chumba cha uchapaji. Shangazi aliingia amevaa kitenge chake kizuri, akasimama mbele ya mashine, akainama kidogo, miguu ya mashine akaikagua kwa jicho moja, akasema, "Shikamoo." Wakapiga makofi. Alingoja jibu. Halikuja. Akawaambia watu kwamba wameona wenyewe jinsi vitoto vya siku hizi vilivyo.

Walidhani atafanya siku tatu kisha mzaha uishe wenyewe. Hawakumjua. Siku ya nne aliongeza kuiuliza imeamkaje. Wiki ya pili aliiuliza habari za unga, habari za leza, kama kelele za usiku zimepungua na kama Mhandisi anaitunza au anaidanganya tu. Mhandisi, ambaye hapo mwanzo alikuwa akitabasamu, alianza kumsihi: ahadi imetimia, wote wameridhika, ubao umefutwa. Shangazi alimkumbusha kwamba alisema kila asubuhi, mpaka siku ya kustaafu, na yeye si mtu wa kuvunja neno. Alibakiza miezi tisa.

Mwezi wa pili wakaja wageni watano wa kununua pampu, wenye kofia ngumu na makoti ya kuazima, wakiongozwa na mzee mmoja mrefu mwenye mvi. Mhandisi alikuwa amewapanga mstari mbele ya mashine na ndiyo kwanza anafungua kinywa kueleza, shangazi akaingia. Ilikuwa saa mbili kamili. Aliwapita kwa heshima, akasimama mahali pake, akainama.

"Shikamoo. Umeamkaje?"

Alingoja kama alivyozoea, kisha akajisogeza pembeni, mikono ameikunja mbele, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza taratibu. Wageni walitazamana. Mzee mwenye mvi alikuwa mtu wa mahali pengi, na bila shaka alikwisha kujifunza kwamba kila kiwanda kina kanuni zake za usalama. Alivua kofia yake ngumu, akapiga hatua moja mbele.

"Shikamoo," aliiambia mashine.

Na wale wanne wakafuata, mmoja mmoja, kwa umri.

Mhandisi alikuwa akitazama sakafu. Nyuma ya mashine ilisikika toroli ikisimama, na vikombe vikigongana kidogo. Kisha sauti nene ya kike, ya mtu aliyeona huruma akashindwa kuvumilia, ikajibu kutoka huko:

"Marahaba, wanangu."

Shangazi alimgeukia Mhandisi.

"Afadhali," alisema. "Leo imeamka na adabu."